Tumbo lenye IBS halihitaji kuoshwa

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, naishi Morogoro. Nilipimwa hospitali nikaambiwa nina IBS, yaani tatizo la utumbo unaosumbuka kirahisi. Tumbo linajaa gesi na kunikata, leo sipati choo, kesho naharisha. Nimeacha maharage, maziwa, kabichi, mayai, nyama na pilipili hadi nimepungua mwili, lakini gesi iko palepale. Jirani ameniletea dawa ya kusafisha tumbo yenye sanamaki, kitunguu saumu na asali. Niinywe? Na niache chakula gani kingine?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hiyo dawa usiinywe, na usiache chakula kingine kwa kubahatisha. Umeshaacha vingi mno, tena vingine havina kosa. Mayai hayana ile wanga inayochachuka tumboni, wala nyama. Virudishe mezani leo hii. Ninachokishuku zaidi hujakitaja kabisa: kitunguu, ambacho kwetu kiko kwenye mchuzi, kwenye mboga na kwenye kachumbari.

Kitunguu maji, kitunguu saumu na ngano vina fruktani, aina mojawapo ya wanga hiyo, ambayo utumbo mdogo wa binadamu yeyote hauwezi kuimeng'enya. Inafika utumbo mpana kama ilivyoliwa, bakteria wanaichachusha, gesi inatoka. Mumeo au dada yako akila chungu hichohicho naye anapata gesi. Tofauti ni kwamba mishipa ya fahamu ya utumbo wako inahisi upesi mno, ukuta ukitanuka kidogo tu wewe unaumia.

Sasa iangalie hiyo chupa. Kitunguu saumu kimejaa fruktani. Asali ina sukari mbili, fruktosi na glukosi; fruktosi ni nyingi kuliko glukosi, na ikizidi hivyo hainyonywi vizuri. Sanamaki inaulazimisha utumbo mpana ujikaze. Yaani umeletewa vichokozi vya IBS kwa jina la dawa! Utaharisha, utajisikia mwepesi siku moja, na utaambiwa uchafu umetoka. Uchafu gani? Kilichotoka ni maji, chumvi za mwili na mabaki ya chakula. Hili la "tumbo chafu" linanichosha kuliko yote, maana kila anayeliamini huja amekonda, ana hofu ya sahani yake, na hela imeishia kwenye unga na chupa.

Kinachofanyika ni kujaribu chakula kwa utaratibu. Mpango wa FODMAP (jina la wanga na sukari zinazochachuka tumboni), uliotokana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash nchini Australia, una hatua tatu, na kupunguza ni ya kwanza tu: wiki 2 hadi 6, basi. Kula wali, ugali, viazi mviringo, karoti, samaki, mayai, machungwa. Pumzisha vitunguu, chapati na mkate wa ngano, maharage, maziwa, embe na tikiti. Ladha haipotei: kaanga punje nzima za kitunguu saumu kwenye mafuta, zitoe kabla hujatia nyanya au maji. Fruktani huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Majani mabichi ya kitunguu nayo yanafaa.

Kisha unarudisha kundi moja moja, siku tatu ukiongeza kiasi, ukiandika tumbo linasemaje. Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji, anza na vijiko vichache. Wengi hugundua wanasumbuliwa na vitu viwili vitatu tu; hatua ya tatu ni kupunguza hivyo tu na kula vingine. Ukiweza, fanya haya na mtaalamu wa lishe.

Mwili ukiendelea kupungua ilhali unakula vizuri, rudi hospitali. Vivyo hivyo kwa damu kwenye choo, upungufu wa damu, homa, kuharisha kunakokuamsha usiku, matatizo yanayoanza baada ya miaka 50, au saratani ya utumbo mpana katika ukoo. Hayo hatuyaiti IBS mpaka yachunguzwe. Muuza dawa za kusafisha tumbo hamuulizi mteja hata moja kati ya hayo. Mwenye IBS na mwenye saratani wanauziwa chupa ileile, na huyu wa pili anapoteza miezi ambayo uvimbe ungeweza kukatwa ukiwa bado mdogo.