Minyoo, homoni na nyuzi zinazotoka chooni

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 31. Hedhi imepotea mwezi wa nne sasa, nywele zinang'oka, nachoka na nimeongezeka kilo saba. Nimeambiwa minyoo imevuruga homoni, nikauziwa unga wa kusafisha tumbo. Niko wiki ya tatu, chooni zinatoka nyuzi ndefu. Homoni zitarudi lini?

Jibu: Marahaba. Hizo nyuzi, dada, karibu hakika si minyoo. Unga wa namna hiyo huwa na maganda ya mbegu au udongo unaovimba ukilowa. Ukichanganyika na ute wa utumbo hutoka kama kamba. Muuzaji anajua zitatoka, ndiyo maana anakuahidi utaziona. Mnyoo anayeweza kugusa homoni ni safura; ana sentimita moja hivi, na hujishikiza kwa kuuma ukuta wa utumbo. Anayemgundua ni mtu wa maabara, kwa kutafuta mayai yake kwenye choo, ikiwezekana sampuli tatu za siku tofauti.

Safura hugusa homoni kwa kupitia damu. Mnyoo mmoja wa aina ya Ancylostoma duodenale hunyonya takriban mililita 0.15 za damu kwa siku. Wakiwa mia, ni mililita 15 kila siku. Madini ya chuma yakiisha, kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za mwili) kinachotengeneza homoni za thairoidi, tezi ya shingoni, hulegea. Unachoka, unasikia baridi, nywele zinakatika. Pima wingi wa damu na feritini, yaani akiba ya chuma mwilini. Feritini chini ya mikrogramu 15 kwa lita ni upungufu, lakini maambukizi huipandisha, kwa hiyo ikiwa juu kidogo isikutulize.

Hedhi kupotea pamoja na kuongezeka kilo saba, hilo safura haielezi. Pima mimba kwanza, kisha TSH (homoni inayoiamrisha thairoidi) na prolaktini (homoni ya maziwa). Hivi vilipaswa kupimwa kabla ya huo unga.

Minyoo ikionekana, dozi ni albendazole miligramu 400 mara moja, isipokuwa katika miezi mitatu ya mwanzo ya ujauzito. Dawa hiyo hairudishi chuma. Vidonge vya chuma huendelea miezi kadhaa, visinywewe na chai. Ukianzishiwa homoni ya thairoidi, itenganishe na vidonge vya chuma kwa saa nne.

Wanaonitia hofu zaidi ni wanawake wenye kichocho cha sehemu za siri. Wanatokwa damu baada ya tendo la ndoa, wanaambiwa ni homoni au ugonjwa wa zinaa, wanapewa unga uleule. Minyoo ya kichocho hukaa ndani ya mishipa ya damu ya nyonga, ambako unga wa tumbo haufiki. Dawa ya praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huiua. Lakini makovu ambayo mayai yameshaacha kwenye mlango wa kizazi na mirija ya uzazi hayafutiki kwa dawa, na kila mwezi unaopotea kwa kusafisha tumbo huyaongeza.