Faili mbili za Excel, kila moja na skrini yake

Dada, umeuliza kwa nini ukifungua faili mbili kwenye Excel 2010 zinabanana ndani ya dirisha moja, huku skrini ya pili ikibaki tupu. Kompyuta yako ni nzima. Excel 2010 na zilizoitangulia ziliundwa hivyo: dirisha moja kubwa, faili zote ndani yake. Kuanzia Excel 2013 kila faili hupata dirisha lake, kwa hiyo ukiweza kupata toleo jipya, lipate.

Kwa sasa, fungua faili ya kwanza kama kawaida. Kisha fungua Excel yenyewe mara ya pili kutoka menyu ya Start, na faili ya pili uifungulie humo humo. Usiibofye kwenye folda, itarudi dirisha la kwanza. Halafu bonyeza kitufe cha Windows, Shift na mshale wa kulia kwa pamoja. Dirisha litahamia skrini ya pili.

Lakini uwe mwangalifu sana, Excel hizo mbili hazijuani. Ukinakili kutoka moja kwenda nyingine, fomula hazivuki, zinafika namba tu. Kwa kulinganisha hesabu kwa macho haina shida. Kama fomula zako zinaunganisha faili hizo mbili, na kazi ya mahesabu mara nyingi ndivyo ilivyo, mimi ningebaki na Excel moja: livute dirisha lake litande skrini zote mbili, kisha nenda View, Arrange All, uchague Vertical.