Kalamu za kukereza: resini ipi inabeba hesi?

Mkuu, umeuliza kwa nini kifuniko cha kalamu yako ya resini ya faiba kinamwaga chenga kila ukikifunga, na kama dai ulilonunua (kile chuma cha kukatia hesi za nje, yaani mikato ya kufungia kama ya skrubu) ndilo bovu. Kwa picha ulizoweka, dai halina kosa. Umekata hesi kwenye kashata.

Ile resini wanayotumia mafundi wa boti na bodi za magari ni poliesta. Inang'aa vizuri, rangi zinakaa, bei inavumilika, na kalamu zangu za mwanzo hapa Nkuhungu, Dodoma, zote zilikuwa za hiyo. Kwa kalamu za seti, ambazo vyuma vya kuunganisha unanunua tayari, haina tatizo kubwa. Lakini ukitaka kalamu ambayo hesi zinakatwa kwenye resini yenyewe, kila ncha ya hesi ni ukuta mwembamba usiofika hata nusu milimita, na poliesta kwenye wembamba huo inameguka.

Siku hizi kabla sijanunua fimbo nzima naomba kipande cha urefu wa kidole gumba, natia kwenye mashine ya kukereza na patasi kali, kisha naangalia kinachotoka. Kikitoka unga na vipunje, hesi zitameguka. Kikitoka utepe mrefu unaojizungusha kwenye mkono, hapo tuongee. Jaribio hili limeniokolea hela kuliko ushauri wowote wa muuzaji, maana muuzaji anakuonyesha rangi tu.

Akriliki inatoa utepe, na ndiyo wengi tunaanzia. Adui yake ni joto. Ukikata hesi kwa mashine inayozunguka kasi, inalainika, inanata kwenye tapu (chuma cha kukatia hesi za ndani ya tundu), na hesi zinatoka kama zimetafunwa. Mimi nazungusha kwa mkono: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, natoa taka, naweka tone la maji yenye sabuni. Na usiifute kwa spiriti! Niliwahi kusafisha shikio la kalamu ya mteja, pale vidole vinaposhika, kwa spiriti usiku ili nimkabidhi asubuhi, nikaamka nakuta nyufa kama nywele kuzunguka hesi zote. Akriliki iliyotoka kukatwa ina mkazo ndani, na spiriti inaufungua.

Epoksi ya kumwagia meza sikushauri kabisa kwa mji huu. Inakatika vizuri, unafurahi, halafu mtumishi mmoja wa serikali anaiacha kwenye dashibodi ya gari pale ofisini Mtumba saa saba mchana. Aina nyingi za epoksi inayokaukia kwenye joto la kawaida zinaanza kulainika kwenye nyuzijoto 50 hivi, na dashibodi juani inazidi hapo. Yangu ilirudi kifuniko kimeganda na mwili umepinda kama ndizi.

Poliyurethani ndiyo naipenda kwa kalamu za mchanganyiko wa mti na resini. Mimi natumia vipande vya mizabibu vinavyokatwa wakati wa kupogoa, huko Hombolo unavipata bila taabu. Hesi zake hazimeguki ovyo. Ila inachukia unyevu: ukimimina juu ya mti usiokauka, inatoa povu kama sabuni. Kiangazi cha Dodoma kinatusaidia sana. Januari mvua zikishika, nakausha mti kwenye oveni kwanza, la sivyo naacha kumimina mpaka Mei.

Mpingo nao unashika hesi vizuri sana kwa sababu ya uzito na mafuta yake. Sharti ukauke hapahapa. Ukiukereza ukiwa mbichi kutoka Lindi, hewa yetu itausinyaza na kifuniko kitakwama.

Lakini mfalme wa hesi ni ebonaiti, yaani mpira uliopikwa na salfa nyingi mpaka ukawa mgumu. Inakatika safi, haiyeyuki, haimeguki, na hesi zikisuguana zinazidi kuwa nyororo badala ya kuliwa. Banda litanuka salfa siku nzima, mama watoto atalalamika, na rangi nyeusi itafifia kuelekea kahawia ikikaa juani. Mimi nayakubali yote hayo.

Kuhusu vipimo: kama unatumia M13×0.8 yenye mianzo mitatu (kipenyo milimita 13, hesi hadi hesi milimita 0.8, mikato mitatu ikizunguka sambamba), kifuniko toboa milimita 12.2 na upande wa kiume, wenye hesi za nje, ukereze 12.9, usiache 13 kamili. Kwa resini yenye kumeguka panua tundu hadi 12.3, kina cha hesi kipungue kidogo. Mianzo mitatu inasogeza kifuniko milimita 2.4 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo kwenye hesi za milimita 5 kinafunguka kwa mizunguko miwili hivi. Ingekuwa mwanzo mmoja ungezungusha mara sita.

Hicho kifuniko chako usikitupe. Kama nje kina milimita 16, panua ndani hadi 14 taratibu, kwaruza kwa msasa, kisha kereza kipande cha ebonaiti cha 13.9 na ukigundishe humo kwa gundi ya mirija miwili. Kilaze usiku kucha. Kesho yake toboa 12.2 katikati ya ebonaiti na upitishe tapu. Kwa nje itabaki rangi yako ileile, na hesi zitakuwa za ebonaiti.