Kubadilisha rejeta mwenyewe nyumbani: majibu ya maswali yenu

Wakuu, toka niseme rejeta ya gari yangu niliishusha mwenyewe uani chini ya mwembe, maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea, mengine yanafanana kwahiyo nimeyaunganisha. Mjue tu mimi sio fundi wa kusomea, ni mtu wa ofisini mwenye Corolla NZE121 na boksi la spana, nimeshabadilisha rejeta tatu mpaka sasa, yangu, ya shemeji na ya jirani, na kila moja ilinifundisha kwa kunitesa. Twende.

"IST yangu inapunguza maji kila siku, fundi kaangalia anasema rejeta imepasuka juu, ataipaka gundi ya chuma. Nikubali?" (dada wa Tabata)

Hapana dada, usikubali. Rejeta za hizi gari zetu katikati ni alminiamu, ila matangi ya juu na chini ni plastiki iliyobanwa na vimeno vya alminiamu, kati yake kuna mpira. Plastiki ikikaa miaka kumi na tano kwenye joto inakauka inakuwa kama biskuti, hata rangi utaona imetoka kwenye weusi imekuwa kahawia. Gundi utapaka itashika wiki mbili tatu, afu siku uko kwenye foleni ya Mbagala jua la saa nane AC iko juu ndo inaachia. Zile rejeta za zamani za shaba zilikuwa zinachomelewa na fundi wa rejeta na zinadumu, hizi za plastiki hazichomelewi. Na manjano ya jikoni usiweke, najua kuna mtu atakushauri, itaziba pale panapovuja na itaziba na vile vitundu vyembamba vya rejeta na hita.

Ila kabla hujatoa hela hakikisha ni rejeta kweli. Asubuhi injini ikiwa baridi chukua tochi, fuata ule mshono wa plastiki na alminiamu, utaona ukoko mweupe au wa pinki umekauka hapo. Pakiwa pakavu hamia kwenye mipira ya maji na wota pampu, na ukikuta zulia la abiria wa mbele limelowa maji yananata yana harufu tamu basi hiyo ni rejeta ndogo ya hita iliyo ndani ya dashibodi, na hiyo sio kazi ya chini ya mwembe.

"Nina Corolla kama yako, nataka kujaribu Jumamosi. Niandae zana gani na naanzia wapi?" (Dodoma)

Kaka zana ni chache mpaka utacheka. Soketi namba 10 na namba 12 na mkono wake pamoja na ekstenshen, bisibisi ya bapa na ya staa, plaizi, beseni pana, na ndoo au galoni lenye alama za lita. Hilo la alama za lita usilidharau, ntakwambia mbele. Ongeza kipande cha boksi la kadibodi.

Kwanza gari ilale ipoe kabisa, usishike mfuniko wa rejeta ya moto kwa sababu yoyote ile, ndani kuna presha na maji yanaweza kuwa na joto la juu kuliko yanayochemka kwenye sufuria, yakikurukia usoni ni hospitali. Toa teminali ya negativu ya betri, maana kuna gari feni inaweza kuwaka yenyewe hata umezima na vidole vyako viko pale. Toa kava la plastiki la chini, weka beseni, afu chini ya rejeta kwenye kona utaona kikoki cha plastiki chenye masikio mawili, hicho kinafunguliwa kwa vidole, polepole, ukitumia plaizi kwa hasira kinakatika. Sasa ndo ufungue mfuniko wa juu maji yashuke vizuri. Yakiisha yapime, andika zimetoka lita ngapi.

Baada ya hapo mipira. Zile klipu za Toyota ni za springi, unabana masikio kwa plaizi unazirudisha nyuma. Mpira ukigoma usiuvute, uzungushe kwanza kulia na kushoto mpaka uachie, na ukigoma kabisa bora uuchane kwa kisu ununue mwingine kuliko kuchokonoa na bisibisi, maana pua ya rejeta, pale mpira unapovalishwa, ni plastiki na haina msamaha. Chomoa soketi za umeme za feni, bonyeza kile kiulimi usivute waya, fungua nati zinazoshika nyumba ya feni uinyanyue itoke, afu fungua mabano ya juu ya rejeta. Kuna gari ndogo nafasi ya juu haitoshi mpaka ushushe bampa la mbele, hapo jiandae kuvunja vipini viwili vitatu vya plastiki, kawaida.

Sasa pale mbele ya rejeta kuna kondensa ya AC, inafanana na rejeta ila ni ya gesi ya AC. Kwenye gari nyingine imefungwa kwa rejeta yenyewe, itenganishe taratibu iache ining'inie kwenye paipu zake, na hizo paipu usizifungue kabisa, kuna gesi ndani kwa presha. Hapo ndo ile kadibodi inaingia, iteremshe kati ya kondensa na rejeta maana mapezi yale ni laini, ukigusa na kona ya spana yanalala.

Rejeta ikitoka angalia miguu yake ya chini. Ina vipini viwili vinakaa kwenye vimpira vyeusi. Vile vimpira vinapenda kung'ang'ania rejeta ya zamani, wewe unampa mtu wa skrepa rejeta unafurahia hela ya soda, kesho mpya inagonga gonga kila tuta hujui kwanini. Mimi nilimkimbilia yule kijana na toroli lake mpaka karibu na stendi, watu wakadhani kaniibia. Vitoe, hamishia kwenye mpya, na kabla ya kuteremsha ziweke mpya na ya zamani pamoja sakafuni ulinganishe kila pua na kila tundu.

Kurudisha ni kinyumenyume tu. Kikoki cha chini kaza kwa vidole.

"Nilipochomoa mipira miwili midogo chini ya rejeta imetoka oili nyekundu, nimeharibu kitu?" (Arusha)

Hujaharibu mzee. Gari yako ni automatiki, na automatiki nyingi oili ya gia boksi inapita ndani ya tangi la rejeta ipoe kisha irudi. Ziba ile mipira na bolti safi za saizi yake usiache ichuruzike, na ukimaliza pima oili kwa dipstiki injini ikiwa ya moto, iwe kwenye alama ya moto, ongeza ATF, yaani oili ya gia boksi automatiki, ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari na sio yoyote nyekundu.

Mimi hapo ndo nilipigwa. Rejeta ya kwanza niliinunua Kariakoo sikubeba ile ya zamani, nimefika nyumbani saa kumi jioni gari iko wazi nagundua nimepewa ya gari ya manyuo, haina zile pua mbili za oili. Kwahiyo beba ya zamani kifuani kama mtoto, hata kwenye daladala.

Na kitu kingine, ukifungua ukakuta maji yamekuwa kama juisi ya mapera iliyotiwa maziwa, yaani pinki nzito, usiwashe gari. Ule utumbo wa ndani ya rejeta unaopitisha oili umetoboka, maji na oili vimechanganyikana, na gia boksi automatiki na maji hawaelewani hata kidogo. Hapo rejeta mpya peke yake haitoshi, gia boksi inatakiwa isafishwe mapema.

"Fundi kasema nikibadilisha rejeta nitoe na thamostati kabisa maana nchi yetu ni ya joto, ilitengenezwa kwa ajili ya Wazungu na Wajapani." (Morogoro)

Aisee hili linanitoa povu. Nimelisikia kila gereji niliyowahi kukaa kwenye benchi lake. Thamostati, kile kivalvu kinachofungulia maji yaende rejeta yakipata moto, haiko pale kwa ajili ya baridi ya Japani, iko pale ili injini ifike joto lake na ikae hapo. Kwenye injini kama ya Corolla yangu, 1NZ, inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na joto la Morogoro hata likifika 35 bado kuna safari ndefu kufika 82. Ukiitoa, ukiwa barabarani spidi 80 injini inabaki ya baridi, kompyuta inadhani ndo umewasha asubuhi inazidisha mafuta, unakunywa petroli na taa ya cheki injini inaweza kuwaka, oili nayo haichomi unyevu wake. Na kuna injini thamostati ikifunguka inaziba na njia ya mkato, ukiitoa maji yanapita njia ya mkato hayaendi rejeta, yaani umeitoa isichemshe na ndo inachemsha!

Kama imekwama nunua nyingine. Ipime jikoni: itumbukize kwenye sufuria ya maji, washa jiko, kabla maji hayajachemka utaiona inajifungua. Isipofunguka, tupa. Sufuria yenyewe isirudi kupikia.

"Niweke maji au kulanti? Na ya kijani au ya pinki?" (Tanga)

Kulanti, yaani ile dawa ya rangi ya kupozea injini. Watu wanasema ni ya nchi za barafu, kweli inazuia kuganda na wenzetu wa Makete sakitu wanaijua, ila sisi wa pwani tunaihitaji kwa sababu ya kutu na kwa sababu inachelewa kuchemka. Maji ya kisima ya Tanga na Dar yana chumvi, yakikaa ndani ya alminiamu yanaila, na yanaacha magamba kama yale ya kwenye birika.

Rangi sio sheria, kila kampuni inapaka yake, soma maandishi ya kwenye dumu. Toyota za sasa zinatumia ya pinki ambayo imeshachanganywa na maji tayari, usiiongezee maji. Ikiwa ni ile nzito changanya nusu kwa nusu na maji yaliyotolewa chumvi (distilled), yale yanayouzwa kama maji ya betri, ila angalia usiuziwe asidi ya betri, chupa zinafanana. Na usichanganye mbili tofauti, zingine zikikutana zinafanya uji. Kama hujui iliyokuwemo, suuza mfumo mpaka yatoke maji meupe ndo ujaze.

"Nimebadilisha rejeta mwenyewe, haivuji tone, lakini napanda Kitonga inachemsha vilevile." (Iringa)

Ndugu yangu hapa ndo kazi yenyewe ilipo, kufunga nati ni sehemu rahisi. Nakuuliza, zilitoka lita ngapi na umeingiza ngapi? Corolla yangu inachukua kama lita 6 mfumo mzima, kwa kikoki cha rejeta hazitoki zote, ila tuseme zilitoka tano na wewe ukaingiza tatu na nusu ikajaa mpaka mdomoni ukafunga ukaondoka, basi ile moja na nusu iliyobaki ni hewa, na hewa imekaa kwenye hedi, sehemu ya juu ya injini, pale penye moto.

Rudia hivi. Paki gari pua ikiwa imepanda, tafuta kamlima au panda tairi za mbele kwenye matofali imara, handibreki juu. Injini baridi, mfuniko nje, hita ya ndani weka kwenye joto kabisa. Jaza taratibu kama unayemnywesha mtoto uji, huku unaminya minya mpira wa juu na wa chini kwa mkono, utaona mapovu yanakuja glub glub na maji yanashuka, ongeza. Washa iunguruke yenyewe, usipige resi. Baada ya dakika kumi hadi ishirini thamostati inafunguka, maji yatashuka ghafla, ongeza tena, subiri feni iwake izime mara mbili na hita itoe joto kweli, ndo ufunge. Kesho asubuhi ikiwa baridi angalia tena, mara nyingi itakunywa kidogo.

Kama hewa imeisha na bado, angalia feni inawaka kweli ukiwasha AC. Kama mapovu hayaishi hata nusu saa, mipira inakuwa migumu dakika moja tu baada ya kuwasha, au moshi mweupe unatoka na maji yanapungua bila kuvuja popote, hiyo ni gasketi ya hedi. Pole, hapo mimi nakuachia, mpelekee fundi, na usiendelee kuipandisha mlima kwa kubahatisha maana hedi ya alminiamu ikipinda gharama inakuwa nyingine kabisa. Na kama gari yako haina mshale wa joto ina kile kitaa cha bluu na chekundu tu, chekundu kikiwaka umeshachelewa, simama palepale.

"Mfuniko wa zamani unafaa kwenye rejeta mpya?" (Mombasa)

Nunua mpya, ndo kitu cha bei ndogo kuliko vyote hapa. Juu umeandikwa kipimo cha presha, 0.9 au 1.1, weka kama iliyokuwepo, usipandishe ukidhani unaongeza nguvu. Gari ikipoa ukakuta mpira wa juu umenywea kama umefyonzwa, kivalvu kidogo cha mfuniko kimekwama.

"Ile kulanti ya zamani nimwage kwenye mtaro?" (Kimara)

Usimwage, na beseni usiliache wazi hata dakika tano unapoenda kunywa chai. Ni sumu na ina utamu, paka na mbwa wanailamba, mtoto pia. Mimina kwenye dumu lenye kifuniko, andika SUMU kwa maka peni, weka juu, na siku ukipita gereji inayokusanya oili chafu waulize kama wanapokea. Dumu langu mimi liko juu ya kabati la stoo, mke wangu kaongeza kwa mwandiko wake "Sio juisi, Baba Juniya".