Maswali ya kazini: leja ya mzee, orodha ya majina na ami anayenuna

Barua za safari hii zimefanana kwa jambo moja: karibu kila aliyeandika anataka kujua namna ya kuwafanya wenzake wakubali. Wachache mno wameuliza wenzao wanakataa nini hasa. Naanza na barua iliyonikalisha zaidi.

Mimi ni meneja wa SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, ya walimu. Bodi imenunua mfumo wa kompyuta na sote tumefundishwa, lakini mhasibu wetu, mtu mzima karibu na kustaafu, bado anaandika kwenye leja. Akiulizwa anajibu kwamba mfumo "hauaminiki", na makarani wanamfuata yeye. Nimpe barua ya onyo? (Meneja, Morogoro)

Barua iweke kando kwanza. Nenda kwenye meza yake, usimwite kwako, kisha mwombe akuonyeshe wanachama watatu ambao salio lao kwenye kompyuta halilingani na la kwenye leja. Kama wapo, atakuwa nao kichwani. Mifumo mingi ya namna hii hukwama kwenye salio la kuanzia: kijana anaketi na kuingiza mamia ya akaunti haraka haraka, na yule mwalimu aliyehamishwa wilaya, ambaye makato yake ya miezi miwili yalichelewa kufika, anaonekana mdaiwa sugu. Mzee anajua habari yake kwa sababu ndiye aliyeiandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa. Kompyuta yenu haina pembeni mwa ukurasa.

Kwa hiyo "hauaminiki" huenda ikawa taarifa ya kweli iliyotolewa kwa ukali. Na huenda kuna la pili, ambalo hatalisema kikaoni hata umbembeleze vipi. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa, leo karani wa juzi anabonyeza na jibu linatoka. Bodi ilinunua mfumo, ikaleta mkufunzi, lakini barua yako haisemi popote kwamba aliwahi kuulizwa maoni.

Mpe kazi ambayo hakuna mwingine anayeiweza: athibitishe salio la kila mwanachama, na saini yake ndiyo ifunge leja. Kwa kipindi maalumu leja na kompyuta ziende sambamba, na kila jioni jumla mbili zilinganishwe kabla watu hawajaondoka. Makarani watalalamika kwamba kazi imekuwa mara mbili, na watakuwa wamesema kweli. Wapunguzie mengine, wala usianze karibu na kufunga mwaka wa hesabu. Tarehe ya mwisho iandikwe, isisogezwe. Ikifika, hesabu zimelingana, naye bado ana kalamu mkononi, hapo barua ya onyo itakuwa na maana na makarani wataielewa.

Mwajiri ameliita tawi letu la chama cha wafanyakazi "kushauriana" juu ya kupunguza wafanyakazi. Tulipofika tukakuta orodha ya majina imeshachapwa. Tugome? (Katibu wa tawi, Dar es Salaam)

Msikimbilie huko, ndugu katibu. Mgomo una utaratibu wake kisheria, na mkiruka hatua moja mazungumzo yote yatahamia kwenye kosa lenu. Fungueni kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mwajiri anatakiwa kutoa notisi ya kusudio la kupunguza mara tu anapofikiria kufanya hivyo, atoe taarifa zote zinazohusika, na ashauriane nanyi kabla: kwa nini anapunguza, nini kifanyike kuepusha au kupunguza athari, watachaguliwa vipi, lini, na watalipwa nini. Orodha iliyochapwa kabla ya hayo hakikisheni imeingia kwenye muhtasari wa kikao, na kila upande utie saini.

Sasa kosa ambalo matawi mengi hufanya. Msianze kutetea majina. Ukishasema "fulani asitoke, ana watoto wanne", umekubali idadi na sasa unasaidia kuchagua. Rudini kwenye sababu: ni gharama ipi imepanda, kwa kiasi gani, na anahitaji kuokoa shilingi ngapi kwa mwezi? Mkiwa na tarakimu hiyo ndipo mnaweza kuja na yenu: kufuta ovataimu, kupunguza zamu, kutojaza nafasi za wanaoondoka, kuwapa walio karibu na kustaafu malipo mazuri waondoke kwa hiari yao. Mwajiri mwenye shida ya kweli atavuta kiti. Anayekataa kutoa tarakimu, kukataa kwake nako kuingie kwenye muhtasari.

Kiinua mgongo je? Sheria inataja angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Neno la kushika ni "angalau". Nimeshaona viongozi wa tawi wakitoka kikaoni wanajisifu kwa kupewa kile ambacho wangepewa hata wangelala nyumbani. Soma pia mkataba wenu wa hali bora, yale makubaliano ya chama na mwajiri, huenda una kiwango cha juu zaidi.

Mkishindwa kuafikiana, shauri linakwenda kwenye usuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na atakayekuwa ameachishwa aambiwe mapema: siku za kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi ni 30. Wengi huzimaliza wakisubiri kuitwa tena na HR.

Kwenye majadiliano ya mshahara nitaje kiwango mimi kwanza, au nisubiri? (Fundi umeme, Dodoma)

Unaijua bei ya soko, taja wewe. Huijui, uliza wamepanga kiasi gani. Ila usiseme "kati ya laki nane na milioni", maana mwenzako amesikia laki nane tu.

Bodi ya shirika letu imegawanyika tangu mkurugenzi abadilishwe. Kila kikao ni kelele, hata ajenda ya kwanza haimaliziki. Tutoke vipi? (Mjumbe, Nakuru)

Nakuru mnazikumbuka ghasia za baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, kuliko mimi, basi nitumie mfano wa kwenu. Msuluhishi Kofi Annan alipofika Nairobi Januari mwaka ule, pamoja na Benjamin Mkapa na Graça Machel, hakuanza na nani alishinda uchaguzi. Ajenda zilikuwa nne, na ya kwanza ilikuwa kusimamisha ghasia; la madaraka lilikuja la tatu. Pande zote mbili zikawa zimeshaweka saini kwenye kitu fulani kabla ya kufika penye moto. Nyinyi mmeanza na penye moto.

Mambo yalipokaza, wajumbe walihamishiwa Kilaguni, ndani ya Tsavo, mbali na waandishi wa habari. Mbele ya kamera kila mtu huongea na wafuasi wake. Bodi yenu nayo ina wasikilizaji: wafanyakazi wanaosubiri koridoni kujua nani amemjibu nani. Kutaneni mahali pengine, na habari zitoke kwa mtu mmoja.

Mwishoni mwa Februari Annan alisimamisha vikao vya wajumbe akaenda moja kwa moja kwa Kibaki na Raila, wagombea wenyewe wa urais, Kikwete, Rais wa Tanzania wakati huo, akiwepo. Tarehe 28 saini zikatiwa. Wajumbe walikuwa wamefika mwisho wa ruhusa waliyopewa. Angalieni kama wanaogombana kwenye bodi yenu wana ruhusa ya kukubali chochote, au kuna mfadhili na mwanzilishi nyuma ya pazia ambao ndio wa kukaa pamoja. Nina wasiwasi ni hilo la pili.

Baba amenikabidhi kampuni ya malori. Ami yangu ndiye msimamizi wa madereva. Nikitoa agizo mbele ya watu ananuna siku nzima, na madereva wanamtazama yeye. (Binti, Mombasa)

Basi usitoe mbele ya watu kabla hajalisikia. Nenda kwake jioni, mwamkie kama mwanawe, kahawa inywewe, kisha mtake shauri. Lakini mwambie wazi lipi limeshaamuliwa na lipi liko mikononi mwake, usije ukamuomba rai juu ya jambo ambalo hutalibadilisha. Akija kugundua, itakuwa vibaya kuliko agizo. Kwa mfano, kwamba mafuta yatatolewa kwa kilomita limeshapita. Lori lipi lipewe kiasi gani kwa njia ya Malaba na kwa njia ya Taita, aseme yeye, kwani ameziendesha na wewe hujaziendesha.

La baba ni zito zaidi. Aseme mara moja, mbele ya ami na madereva, nani anaamua. Madereva watampigia simu hata hivyo, hasa wiki ya kwanza ya mafuta kupimwa. Kubalianeni mapema atawajibu nini.