Maswali ya Wasomaji: Damu ya Baba Yetu na Maabara za Nchi Tatu

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yetu anatibiwa saratani ya mapafu. Juzi aliombwa mililita 10 za damu kwa utafiti wa RNA, akaambiwa kwamba sampuli itagawanywa kwa maabara za nchi tatu. Damu ya mkononi inawezaje kueleza habari za uvimbe ulioko kifuani? Na kwa nini hospitali moja isiimalize kazi hiyo yenyewe?

JIBU: Marahaba, na poleni kwa kuuguza. Kila seli yenye kiini hutunza maagizo yake katika DNA, na RNA ni nakala zinazotolewa humo kadiri kazi inavyohitaji. Seli ya saratani huwasha jeni ambazo seli jirani yenye afya imezizima, kwa hiyo nakala zake hutofautiana, na baadhi yake huingia katika damu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba haziwezi kudumu humo, kwa kuwa damu ina vimeng'enya vinavyokatakata RNA. Mwaka 2007 watafiti wa Uswidi walionyesha kwamba seli hufungasha RNA katika vifuko vidogo mno viitwavyo eksosomu, na mwaka 2008 makundi mbalimbali ya watafiti yalionyesha kuwa mikro-RNA, vipande vyenye herufi zipatazo 22 tu, hukaa ndani ya plazma, yaani sehemu ya majimaji ya damu, bila kuharibika upesi.

Swali lenu la pili ndilo lenye uzito zaidi, na nafurahi kwamba mmeliuliza. Chukueni mrija mmoja wa damu. Ukiachwa mezani kwa saa nyingi, au damu ikivutwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, chembe nyekundu hupasuka na kumwaga RNA zake. Mrija ukishazungushwa kwenye mashine, plazma iliyopaswa kuwa ya manjano hafifu huonekana na rangi ya waridi, na mara nyingine jicho halioni badiliko lolote ilhali vipimo vimekwisha kuvurugika. Mikro-RNA namba 16, ambayo maabara nyingi zimeitumia kama kipimo cha kulinganishia, imejaa ndani ya chembe hizo hizo nyekundu. Hata dawa iliyomo kwenye mrija ina neno lake, kwani heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, huzuia mmenyuko unaotumika kuzidisha nakala za RNA ili zihesabike.

Sasa tuseme damu ya wagonjwa husubiri kliniki mpaka mchana, na ile ya watu wazima wa afya waliojitolea hupelekwa maabara papo hapo. Tofauti itakayoonekana itakuwa kubwa na ya kupendeza machoni mwa mtafiti, lakini huenda ni tofauti ya kusubiri tu, wala si ya saratani. Hospitali iliyo peke yake haiwezi kuligundua kosa hilo kwa urahisi, kwa sababu hulirudia katika kila sampuli. Ndiyo maana washirika hukubaliana kwanza juu ya aina ya mrija, saa za kusubiri, kasi ya kuzungusha na baridi ya kuhifadhia, kisha hufunga kanuni ya kusoma majibu na kuijaribu kwa damu iliyotolewa kwingine, kwa watu ambao hawakushiriki kuiunda.

Mfano unaonipa matumaini ni wa uvimbe wa korodani. Utafiti wa hospitali nyingi ulioongozwa na wataalamu wa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mikro-RNA namba 371 katika damu iliwatambua wagonjwa wapatao 90 kati ya kila 100 wenye uvimbe unaotokana na seli za uzazi, ingawa haioni aina iitwayo teratoma.

Wingi wa watu nao ni wa lazima. Tuchukue watu 100,000 ambao 500 kati yao wana saratani, na kipimo kinachopatia kwa asilimia 95 kwa wagonjwa na kwa wazima vilevile. Kitawabaini wagonjwa 475, lakini kitawatia hofu watu 4,975 wasio na ugonjwa, na kila mmoja wao atahitaji uchunguzi zaidi. Upungufu huo hauonekani kwa sampuli 60 za hospitali moja.

Kwa baba yenu, damu hiyo haichukui nafasi ya kukatwa kipande kidogo cha uvimbe kwa uchunguzi wala ya picha za kifua, na kwa kawaida majibu ya utafiti wa namna hii hayabadilishi tiba ya aliyejitolea. Kabla ya kutia sahihi, aulize sampuli itahifadhiwa kwa muda gani, nani ataweza kuitumia baadaye, na jina lake litafichwaje. Ana haki ya kukataa au kujitoa wakati wowote, na matibabu yake yakaendelea kama kawaida.