Umama Mbele ya Mungu: Maswali ya Wasomaji na Majibu

Mwezi wa Mei, ambao jumuiya zetu ndogo ndogo huutumia kusali Rozari kila jioni kwa heshima ya Bikira Maria, umeniletea barua na ujumbe wa simu kutoka pande nyingi za Dar es Salaam. Karibu zote zinagusa jambo moja: Kanisa linapofundisha kwamba umama ni njia ya utakatifu, mafundisho hayo yanamwacha wapi mwanamke ambaye maisha yake hayafanani na sanamu tunayoiona kwenye groto ya parokia? Nimechagua maswali ambayo naamini wengi wanayo moyoni, na majina ya walioandika nimeyaacha.

Tumsifu Yesu Kristo. Nina ndoa ya Kanisa ya miaka mingi na sijajaliwa mtoto. Siku ya Mama Duniani padre aliwaita akina mama wote mbele wabarikiwe, nikabaki kwenye benchi na wasichana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki. Je, Mungu ameninyima wito wenyewe wa mwanamke? (Msomaji wa Tabata)

Milele amina, dada yangu. Hapana, hajakunyima.

Katika Injili ya Luka, sura ya 11, mwanamke mmoja katika umati alipaza sauti akamwambia Yesu, "Heri tumbo lililokuzaa, na matiti uliyonyonya." Bwana akamjibu kwamba afadhali, heri walisikiao neno la Mungu na kulishika. Hapo hakumshusha mama yake hata kidogo, kwa kuwa hakuna aliyelisikia neno na kulishika kuliko Maria, bali alituonyesha ukuu wa mama yake ulianzia wapi. Mtakatifu Agustino alilifundisha jambo hili waziwazi: Maria alibarikiwa zaidi kwa kumpokea Kristo kwa imani kuliko kwa kumchukua mimba. Ikiwa ndivyo ilivyo kwa Mama wa Mungu mwenyewe, basi hakuna mwanamke anayeweza kupimwa mbele za Mungu kwa idadi ya watoto aliowazaa, na anayekupima hivyo, awe wifi, jirani au mwanajumuiya, anatumia kipimo ambacho Bwana alikikataa hadharani.

Kanisa halikufichi maumivu yako wala halikuambii kwamba ni madogo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2378 na 2379, inafundisha kwamba mtoto ni zawadi na wala si haki ya mtu, kwamba kukosa mtoto si ubaya kamili, na kwamba wanandoa waliokwisha kutumia njia halali za tiba wanaweza kuuunganisha mzigo wao na msalaba wa Bwana na kuonyesha ukarimu wao kwa kuasili watoto walioachwa au kwa huduma nzito kwa wengine. Nasisitiza maneno "njia halali za tiba", na nasisitiza kwamba ni za wote wawili, kwa sababu katika nyumba nyingi za mji huu mke huzunguka hospitali moja baada ya nyingine wakati mume hajapimwa hata mara moja.

Mkiamua kuasili, msichukue mtoto kwa makubaliano ya mdomo. Anzieni ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa yenu, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka amri ya kuasili itolewe na Mahakama Kuu, na utaratibu huo unamlinda mtoto na unawalinda ninyi pia.

Kuhusu ile baraka, ningependa maparoko wetu walitazame jambo hili upya. WAWATA ilianzishwa mwaka 1972 kuwa chama cha wanawake Wakatoliki wote, waliozaa na wasiozaa, na katika kila kigango wapo wanawake ambao hawakuzaa lakini wamewasomesha watoto wa ndugu zao, wamewafundisha Komunyo ya Kwanza watoto wa mtaa mzima, na wameuguza wagonjwa wasio wao. Kuwaacha hawa kwenye benchi siku ya kubariki akina mama si haki. Mweleze paroko wako kwa heshima, au mtume mwenyekiti wa jumuiya amfikishie.

Wenzangu kazini wananiuliza inawezekanaje Mungu awe na mama. Nijibuje? (Kijana wa Kigamboni)

Swali lao ni la zamani, na Mtaguso wa Efeso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulilijibu mwaka 431. Nestori, aliyekuwa askofu mkuu wa Konstantinopoli, alipendelea Maria aitwe Mama wa Kristo na asiitwe Mama wa Mungu. Mababa wa Mtaguso waliona kwamba kusema hivyo kunamgawa Yesu vipande viwili, mmoja mtu na mwingine Mungu, wakati Yesu ni nafsi moja, Mwana wa milele wa Baba aliyetwaa mwili. Mama humzaa mtu mzima, yaani nafsi, na nafsi aliyoizaa Maria ni Mungu Mwana. Hatusemi kwamba umungu ulianzia kwa Maria, kwa kuwa yeye ni kiumbe kama sisi. Kwa hiyo jina la Mama wa Mungu tunalolitaja katika kila Salamu Maria linalinda kwanza imani yetu juu ya Kristo. Jibu kwa upole, hasa kwa wenzako Waislamu, ambao nao wanamheshimu Maryam na wana sura ya Kurani yenye jina lake, hata kama hatukubaliani nao juu ya Mwanaye.

Mimi ni mama lishe. Natoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku watoto wamelala. Rozari naianza, nasinzia kwenye tendo la pili kati ya matano. Nikisikia mahubiri juu ya mama wa sala nachomwa moyo. Nifanyeje? (Msomaji wa Buguruni)

Pole sana na kazi, mama. Barua yako nimeisoma mara nyingi, kwa sababu ndiyo inayoonyesha wazi kuliko zote jinsi fundisho zuri linavyoweza kugeuka kuwa mzigo likihubiriwa kana kwamba mama mtakatifu ni yule mwenye muda.

Katika mwaka 2015 Kanisa liliwatangaza kuwa watakatifu Louis na Zélie Martin wa Ufaransa, wazazi wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Zélie alizaa watoto tisa na kuwazika wanne wakiwa wadogo. Wakati huohuo aliendesha biashara ya kutengeneza lesi maarufu ya mji wa Alençon, alisimamia wafanyakazi na kutafuta oda, na mwaka 1870 mumewe aliacha duka lake la saa ili amsaidie katika biashara hiyo. Barua zake zimehifadhiwa, na ndani yake analalamika mara kwa mara kwamba lesi inamchosha, kwamba wateja wanambana na kwamba hana nafasi ya kupumua. Ni kweli kwamba alijitahidi kwenda Misa alfajiri, na simfichi mtu hilo. Lakini Kanisa lilipompa heshima ya altare halikusubiri barua isiyo na uchovu, na uchovu wake haukuhesabiwa kuwa upungufu wa imani.

Tazama sasa saa zako mwenyewe. Unapopepeta mchele kwenye ungo na kuokota chuya moja moja kabla hakujapambazuka, ili mtu usiyemjua asile uchafu, hilo ni tendo la upendo. Unapomkopesha kijana wa mkokoteni sahani ya wali na maharage huku ukijua kwamba huenda asilipe hadi Jumamosi, hilo pia ni tendo la upendo, na Bwana amesema katika Mathayo 25 kwamba aliyemlisha mwenye njaa amemlisha yeye. Kinachobaki ni kumkabidhi Mungu matendo hayo kwa makusudi. Kabla hujawasha jiko la mkaa, fanya ishara ya msalaba na useme, "Bwana, kazi ya leo ni yako." Katikati ya siku, sali tendo moja tu la Rozari wakati sufuria inachemka. Usiku, hata kama watoto wamelala, weka alama ya msalaba kwenye paji la uso wa kila mmoja, kwa maana kuwabariki watoto ni haki na wajibu wa mzazi, na tendo hilo halihitaji dakika nyingi. Ukisinzia kwenye tendo la pili, lala, mama.

Misa ya Dominika ni jambo la kupanga na si la kuacha, na parokia nyingi za jiji zina Misa ya kwanza asubuhi na mapema kwa ajili ya watu wa kazi kama yako. Nina neno pia kwa baba wa watoto, kama yupo: Yosefu naye alikuwa fundi mwenye kazi, lakini ndiye aliyeamka usiku kumchukua mtoto na mama yake.

Mume wangu ananipiga. Wazee wa jumuiya wananiambia nivumilie kama Bikira Maria na kama Mtakatifu Monika, kwa sababu ya watoto. Je, huo ndio msalaba wangu? (Msomaji wa Mbagala)

Dada yangu, hapana. Wanaokuambia hivyo wanakosea, na wanawataja watakatifu pasipo kuwajua.

Agustino, mwana wa Monika, anasimulia katika Maungamo yake kwamba baba yake, Patrisi, alikuwa mtu wa hasira kali, lakini anaeleza pia kwamba haikuwahi kusikika kwamba alimpiga mkewe. Machozi ya Monika ambayo Kanisa linayakumbuka kila tarehe 27 Agosti aliyamwaga akimwombea mwanaye aongoke. Naye Bikira Maria, Herode alipotaka kumuua mtoto, hakubaki Bethlehemu ili avumilie. Familia Takatifu ilikimbilia Misri usiku uleule. Kuwaondoa watoto mahali pa hatari ni sehemu ya umama, na hakuna aibu yoyote ndani yake.

Sheria ya Kanisa nayo haikuachi gizani. Kanuni ya 1153 inasema kwamba mwanandoa anayemletea mwenzake au watoto hatari kubwa ya roho au ya mwili anampa mwenzake sababu halali ya kutengana naye, kwa uamuzi wa askofu, na kama kuna hatari katika kuchelewa, mwathirika anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, aliandika kwamba kuna nyakati ambapo kutengana hakuepukiki, na hata kunakuwa wajibu wa kimaadili, ili kumlinda mwanandoa dhaifu au watoto wadogo. Kutengana huko hakuvunji sakramenti, na hakukufungii Komunyo.

Nenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, nenda hospitali uandikiwe majeraha, mwambie paroko, na utafute ndugu mmoja wa kukaa kwake. Msamaha unaweza kuja baadaye, nawe ukiwa mahali salama. Nawaomba wazee wa jumuiya, kwa heshima yote ninayowapa, wakome kumtumia Mama wa Mungu kunyamazisha kilio cha mwanamke.

Binti yangu wa pekee anataka kuingia utawa. Nimelia sana. Nitapata wapi wajukuu? (Mama wa Ukonga)

Lia, mama, maana hata Maria upanga uliingia moyoni mwake kwa sababu ya Mwana aliyemtoa. Lakini usifikiri kwamba binti yako anauacha umama. Katika barua yake ya kitume Mulieris Dignitatem ya tarehe 15 Agosti 1988, Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba ubikira na umama ni pande mbili za wito wa mwanamke, na kwamba kila upande unauangazia mwingine. Mtume Paulo, mwanaume asiye na mke, aliwaandikia Wagalatia kwamba anawaonea utungu mpaka Kristo aumbike ndani yao. Huo ndio umama binti yako anaouendea. Ukipita wadi yoyote inayohudumiwa na masista, sikiliza wagonjwa wanavyowaita.

Nilijifungua mtoto akiwa amekwisha kufa. Ndugu wanasema nisimtaje wala nisimwombee, kwa kuwa hakubatizwa. (Msomaji wa Kimara)

Mtaje, mwanangu, na umlilie. Wewe ni mama yake, na hakuna mwenye mamlaka ya kukuondolea jina hilo. Katekisimu, namba 1261, inawakabidhi watoto waliokufa bila ubatizo kwa huruma ya Mungu anayetaka watu wote waokolewe, na inakumbusha maneno ya Yesu, "Waacheni watoto wadogo waje kwangu." Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Taalimungu ya Vatikano ilieleza kwamba tunazo sababu nzito za kutumaini wokovu wao. Kanuni ya 1183 inaruhusu hata mazishi ya Kanisa, kwa idhini ya askofu, kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza. Kama mtoto alizikwa kimyakimya na ndugu wakati wewe uko kitandani, waombe wakupeleke kaburini, na uandikishe nia ya Misa parokiani.

Nimezaa nikiwa sijaolewa. Katekista ananiambia mtoto hawezi kubatizwa mpaka baba yake apatikane. Ni kweli? (Msichana wa Temeke)

Si kweli. Kanuni ya 868 inadai ridhaa ya mzazi mmoja angalau, na tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Wewe ni mzazi, na kuomba kwako ubatizo ni mwanzo wa tumaini hilo. Mtafute msimamizi mmoja, wa kiume au wa kike, Mkatoliki aliyetimiza miaka 16, aliyepokea Kipaimara na Ekaristi na anayeishi imani yake. Chukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto na cheti chako cha ubatizo, na uende kumwona paroko mwenyewe ofisini.